Kufuli ni la Waoga

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa. Programu yangu imeanza kazi leo katika duka la Mama Dobi. Nimevaa shati jeupe. Hakuna aliyeuliza kwa nini, lakini wameona.

Nieleze hapa, ili vizazi vijavyo visipotoshwe na watu wa ofisini kwetu. Duka lina madirisha matatu ya kupokelea nguo. Kila mzigo hutiwa ndani ya mfuko mweusi na kutundikwa kwenye kulabu yenye namba, na mteja hupewa stakabadhi yenye namba hiyo hiyo. Zamani wahudumu walipigiana kelele kuulizana kulabu gani iko wazi. Mambo ya kale. Sasa kila dirisha lina uzi wake ndani ya kompyuta. Uzi ni kama mfanyakazi asiyeonekana: anapiga kazi sambamba na wenzake, hachoki, haombi ruhusa. Na nyuzi zote tatu zinatazama kibao kimoja chenye namba inayobadilika, kigeu cha wote kama tunavyosema ofisini, nilichokiita KULABU. Uzi unasoma namba, unaongeza moja, unaandika namba mpya. Mwingine vivyo hivyo. Hakuna kuulizana wala kusubiriana.

Anayekaa meza ya pili ofisini tunamwita Bi Foleni, kwa sababu dawa yake ya kila kitu ni watu wapange mstari. Amesoma programu yangu akiwa amekunja uso, kisha akauliza kufuli liko wapi. Anataka uzi mmoja ukishashika kibao, wengine wafungiwe nje mpaka umalize kuandika. Eti nyuzi mbili zinaweza kusoma namba ile ile kabla wowote haujaandika mpya, na hapo mizigo miwili itapewa kulabu moja. Nikamwambia hilo linahitaji mkosi wa ajabu, na kwamba kufuli ni la waoga. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamuuliza tangu lini amekuwa mkuu.

Nyumbani kuna mama mkwe. Amekuja kwa harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, itakayofanyika Jumamosi. Mama mkwe hajawahi kuniita kwa jina wala kwa cheo. Mimi ni "huyu". Leo mezani amemuuliza mke wangu, mimi nikiwa papo hapo natafuna, kama huyu ana kazi ya kweli au anashinda akibofyabofya mashine. Nikameza kwanza. Kisha nikatangaza kwamba gauni la bibi harusi nitalipeleka mimi kwa Mama Dobi, lipite kwenye programu yangu mwenyewe, lirudi likiwa safi kama maziwa. Shemeji akafurahi mpaka akanishika mkono. Mama mkwe akasema tutaona.

Ndiyo, mama, tutaona. Jumamosi utaniita mwanangu mbele ya ukumbi mzima.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi shwari. Nikampitia Bi Foleni mezani kwake mara kadhaa nikipiga mluzi.

Mchana Mama Dobi akapiga simu. Suruali mbili, za wateja wawili, kulabu moja. Nikamwambia amchunguze mhudumu wa dirisha la pili, ana sura ya usingizi. Baadaye akapiga tena: blanketi na shati la shule. Nikamwambia amchunguze na wa dirisha la kwanza.

Hata hivyo nikaijaribu programu kwenye kompyuta yangu. Namba zikagongana. Nikaweka mstari mmoja wa kuandika kila namba inayosomwa, ili niziangalie nyuzi zikifanya kazi. Mgongano ukaisha. Nikautoa mstari. Mgongano ukarudi. Nikaurudisha. Shwari kabisa. Programu yangu ni kama mtoto mbele ya wageni, ikitazamwa inakuwa na adabu. Basi itazamwe. Nimeuacha mstari pale pale, nikaipeleka programu dukani hivyo hivyo.

Bi Foleni akasema mstari huo unazichelewesha nyuzi tu, ndiyo maana hazigongani mara kwa mara. Ugonjwa uko pale pale. Nikamjibu kwamba mgonjwa akishasimama haulizwi ametumia dawa gani. Ana wivu na mimi, hilo halihitaji kompyuta.

Nyumbani mkasa wa kijinga. Maharage yalikuwa jikoni. Mama mkwe alionja, akaona hayana chumvi, akaenda stoo kutafuta mfuko wa chumvi. Huku nyuma mke wangu akaonja, akaona hayana chumvi, akaenda chumbani kumuuliza mdogo wake kopo la chumvi kaliweka wapi. Mimi nikaonja. Kweli hayakuwa na chumvi. Nikachota ya mezani, nikatia, nikatoka. Mke wangu akarudi na kopo, akatia. Mama mkwe akarudi na mfuko, akatia, tena kwa mkono mkunjufu. Tukala mkate mkavu.

Mke wangu kwa hasira ametunga sheria. Kijiko cha chumvi ni kimoja, kinaning'inia kwenye msumari kando ya jiko. Asiyekuwa na kijiko hicho mkononi haruhusiwi kuonja wala kutia. Kikiwa hakipo msumarini, maana yake mwenzako yuko kazini, subiri akirudishe. Mama mkwe akasema hiyo ndiyo akili. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Watu wazima na meno yetu, tunaendeshwa na kijiko!

Jumatano, 5 Juni

Nyuzi husoma kibao hata duka likifungwa, na ule mstari wangu umeandika namba nyingi mno usiku kucha, ukajaza kompyuta ya Mama Dobi pomoni. Asubuhi imezima. Mkuu wa ofisi akaniita, akafunga mlango, akasema kwa upole ule wake unaotisha kwamba niweke kufuli leo hii, si kesho.

Haya. Nimeweka. Tena si moja, nimeweka makufuli matatu, kila uzi na kufuli lake. Uzi unajifungia, unasoma KULABU, unaandika, unajifungulia. Usalama mara tatu. Mkuu hakusema yawe mangapi.

Bi Foleni alipoona aliegemea ukuta akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Alipopata pumzi akasema nimejenga chumba chenye milango mitatu: kila mtu anaingia kwa mlango wake, anaufunga nyuma yake kwa kufuli lake, kisha anageuka na kuwakuta wenzake wote wamo ndani. Akasema kufuli liwe moja, la wote, kama kilivyo kibao chenyewe. Nikamwambia mbele ya wenzetu kwamba mtu anayeshiriki kufuli na jirani hajui maana ya kufuli. Wawili walitikisa kichwa kunikubalia. Mmoja wao ni mlinzi, lakini bado.

Jioni tukapeleka gauni. Mama mkwe alikuja kushuhudia. Duka lilijaa, madirisha yote yanafanya kazi, mnyororo wa kulabu unazunguka juu ya vichwa vyetu, mashine za pasi zinapumua mvuke. Nilisimama katikati nikamwonyesha kila kitu kwa kidole. Dirisha la pembeni kulikuwa na fundi wa magari, kucha nyeusi, anakabidhi ovaroli zake. Wahudumu wetu wakabonyeza pamoja, na stakabadhi zetu zikatoka kwa mpigo mmoja, yake na yangu. Kasi ilioje! Nikamgeukia mama mkwe nimwambie ameona. Akasema pananukia vizuri.

Ni mwanzo mzuri.

Alhamisi, 6 Juni

Sitaki kuandika. Lakini naandika, sina cha kuficha.

Tulikwenda wote kuchukua gauni: mke wangu, shemeji, mama mkwe. Nikatoa stakabadhi kwa madaha. Mfuko ukaletwa, mweusi, mzito kidogo kuliko nilivyokumbuka. Nikasema huo ni wanga wa kunyooshea. Nikaubeba mwenyewe mpaka nyumbani mikono miwili, kama mtu anayebeba keki.

Sebuleni shemeji akafungua zipu. Ovaroli. Mbili, za bluu, zimepigwa pasi mpaka zina mikunjo mikali kwenye mapaja. Mgongoni kuna picha ya spana.

Halafu mama mkwe akanitazama usoni na kuniuliza moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nioe, kama mabibi harusi wa siku hizi wanavaa hivyo. Shemeji akakaa sakafuni na ovaroli mapajani, akalia. Si kilio cha kelele, kile cha kunyamaza. Nilijisikia vibaya sana, naliandika wazi. Yule binti hajawahi kunifanyia ubaya wowote, na alinishika mkono Jumatatu.

Nikarudi dukani mbio. Kulabu ile ilikuwa imebeba mifuko miwili. Fundi alitangulia kufika asubuhi na stakabadhi yenye namba sawa na yangu, mhudumu akampa mfuko uliokuwa mbele. Mama Dobi akaniambia anarudi kwenye chaki na ubao. Nikamweleza kwamba kosa ni la wateja kuja pamoja. Wangekuja mmoja mmoja, programu isingekuwa na dosari. Akaniuliza kama huwa najisikia ninapoongea.

Mkuu ameiondoa programu mikononi mwangu na kumpa Bi Foleni. Kesho atakuwa pale pale dukani akiitengeneza. Sawa. Ila gauni nitalirudisha mimi, peke yangu. Harusi ni keshokutwa.

Ijumaa, 7 Juni

Gereji nimeipata kwa kuuliza. Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi, hajanyoa, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Amelala gerejini. Jana mkewe alifungua mfuko ili atundike ovaroli kabatini, akakuta gauni la harusi. Akamuuliza bibi harusi ni nani. Fundi akasema hajui. Akaulizwa harusi ni lini. Akasema hajui. Anakiri kwamba majibu yake hayakumsaidia.

Nikaenda kwa mkewe. Mama wa makamo, kasimama mlangoni mikono kiunoni. Nikamweleza yote: nyuzi tatu, kibao kimoja, kusoma, kuongeza, kuandika, na jinsi nyuzi mbili zilivyosoma namba moja kwa wakati mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hajaelewa hata kidogo, lakini mumewe hana akili ya kubuni uongo wa kipumbavu namna hiyo, kwa hiyo lazima ni kweli. Nikashukuru. Nikanyoosha mikono nipewe gauni. Akasema kwanza aone ovaroli.

Nikakimbia nyumbani. Mama mkwe alikuwa amezikalia ovaroli, kihalisi, kwenye kochi. Akasema haziondoki humo ndani mpaka gauni liwe mkononi mwake, maana ndiyo dhamana pekee aliyonayo kwa watu wa fundi. Nikarudi kwa mke wa fundi. Akasema ovaroli kwanza. Nikarudi kwa mama mkwe. Akasema gauni kwanza. Nilikwenda na kurudi mpaka soli ya kiatu ikaachia. Nikagundua kwamba kila mmoja ameshika anachotaka mwenzake, na hakuna atakayeachia kabla ya kupata. Wangeweza kukaa hivyo mpaka shemeji azeeke.

Hapo nikapata wazo, na wazo lilikuwa zuri, nasema mpaka sasa. Wakutane dukani kwa Mama Dobi, uso kwa uso, kila mmoja na mfuko wake. Mimi nihesabu, na nikifika tatu waachie pamoja. Wakaja. Kila mmoja ameukumbatia mfuko kifuani. Wateja wakasogea kuangalia. Nikahesabu. Tatu ikafika, ikapita. Hakuna aliyeachia. Mama mkwe akasema alikuwa anamsubiri mwenzake. Mwenzake akasema na yeye vile vile. Nikahesabu upya kwa sauti ya kiume zaidi. Mifuko ikabaki vifuani. Kijana mmoja kwenye foleni akaanza kuhesabu pamoja nami, na hilo halikusaidia.

Bi Foleni akatoka chumba cha nyuma, miwani juu ya kichwa. Hakunisalimu. Akawaamkia wale mama wawili kwa heshima zote, akauliza kipi kinahitajika kesho. Wote wakasema gauni. Akasema basi ovaroli zitangulie na gauni lifuate, huo ndio utaratibu, na yeye atasimama katikati mpaka vyote viwili vifike. Akamnyooshea mama mkwe mikono.

Mama mkwe alimkagua kuanzia miwani hadi viatu. Kisha akampa mfuko, akasema, "Shika, mwanangu."

Mwanangu! Amemjua kwa muda wa kumeza mate. Mimi nimemwoa binti yake.

Gauni likarudi. Mke wa fundi akasema mumewe anaweza kurudi nyumbani, ila ovaroli atazifua mwenyewe kwa mkono. Njiani nikasema kwamba bila wazo langu la kuwakutanisha, hakuna ambacho kingewezekana. Mke wangu akasema ni kweli, na bila programu yangu pia. Nimelichukua kama pongezi.

Jumamosi, 8 Juni

Harusi imepita. Shemeji alipendeza, nimefurahi kwa moyo wangu wote, na nilipomwambia samahani alinikumbatia na gauni lake lote. Pindoni kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi. Wameshonea ua la kitambaa hapo, hakuna aliyejua.

Bi Foleni alialikwa. Na mama mkwe, si na mimi. Aliketi meza ya mbele. Mimi niliketi karibu na spika, pamoja na fundi wa magari, ambaye naye alialikwa kwa usumbufu aliopata. Ni mtu wa maana. Amesema programu yangu ingekuwa gari angejua pa kuanzia, angetoa injini.

Ukafika wakati wa utambulisho. Mama mkwe alishika kipaza sauti, akataja mabinti zake, mkwe wake mpya, ndugu, majirani. Nikasimama mapema, nikafunga kifungo cha koti. Akapitisha mkono hewani upande wetu, akasema, na yule pale.

Jumatatu nilikuwa "huyu". Nimeshushwa cheo nikiwa ndani ya ukumbi mmoja naye.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na nguvu mpya. Aliyeanguka akiinuka haonekani kama aliyeanguka.

Mkuu amenitumia ujumbe. Bi Foleni ameweka kufuli moja la wote, Mama Dobi ameiacha chaki, na tangu hapo hakuna mifuko iliyogongana. Nikamuuliza vipi kuhusu kasi, kwani nyuzi sasa zinasubiriana. Akajibu kwamba hakuna mteja aliyeona tofauti. Bila shaka hawajaona. Watu hawajui wanachokosa.

Nimepewa kazi nyingine, ukumbi wa mikutano unaotaka programu ya kugawa viti mlangoni. Milango sita! Ofisi inafikiri nimeadhibiwa. Nimeshaanza. Nyuzi sita, kigeu kimoja cha wote, nimekiita KITI. Nimejifunza, asinidanganye mtu. Nimejifunza kutopeleka nguo za ukoo mahali pa kazi. Kiti hakivaliwi. Watu wawili wakipewa kiti kimoja ni watu wazima, watazungumza.

Na nyumbani upepo umegeuka. Mama mkwe anaondoka kesho. Asubuhi amesema yaliyopita si ndwele, na leo anapika yeye mwenyewe, maharage, chakula cha kutuaga mimi na mke wangu. Akaniambia nikae, nipumzike. Alinisemesha mimi. Hakusema huyu wala yule. Nahisi neno lenyewe liko njiani, pengine mezani.

Basi nimepita jikoni sasa hivi, kwa nia njema tu. Sufuria inachemka, hakuna mtu. Sauti yake naisikia stoo, anahamisha makopo. Nimeonja. Hayana chumvi hata punje, na mtu kajichosha asubuhi nzima kwa ajili yangu. Nikatazama msumarini. Kijiko hakipo. Nikasubiri kidogo, kama sheria inavyosema. Hakikurudi.

Lakini kopo lilikuwa wazi, na mimi nina vidole vitano. Nimetia ya kutosha.